Dua Mbili Juu ya Shamba Moja

*Waliokimbia Rumonge mwaka 1972 walimwomba Mungu awarudishe kwao. Waliowakuta wamekwisha kukaa huko walimwomba asiwaondoe. Wote wawili husema wanangoja saa yake.*

Lipo shamba la michikichi katika tambarare ya Imbo, kusini ya mji wa Rumonge, si mbali na barabara itokayo Bujumbura kwenda Nyanza-Lac, ambalo limekatwa katikati kwa safu ya minyaa iliyopandwa kwa kamba, ikanyooka kuliko mpaka wowote ule waliouweka wazee. Upande wa juu ipo nyumba ya matofali ya kuchoma, bati lake limeshika kutu. Upande wa chini, kuelekea ziwani, ipo nyumba ndogo ya matofali mabichi ambayo bati lake bado lametameta.

Anayekaa juu alipewa shamba zima na serikali baada ya mwaka 1972, akalifyeka, akalipanda, akaoa, akazaa na akazika humo. Anayekaa chini ni mwana wa mtu aliyelimiliki kabla ya mwaka huo. Alivushwa ziwa mgongoni mwa mama yake akiwa bado hajui kutembea, akarudi kichwa kimeingia mvi.

Siku ya Jumapili watu hawa wawili husali katika kanisa moja. Mmoja humshukuru Mungu kwa kumrudisha nyumbani, na humwomba amkamilishie nusu iliyobaki. Mwenzake humshukuru kwa kuachiwa nusu, na humwomba isimponyoke. Ukiwauliza shauri lao limefika wapi, jibu ni moja: Mungu ana wakati wake.

Mhariri aliponiagiza niandike habari za watu wanaongoja dua zao zitakabaliwe, nadhani alitaraji tasa aliyejaliwa mtoto, au mgonjwa aliyeinuka kitandani baada ya waganga kukata tamaa. Rumonge haikosi visa hivyo, kama usivyovikosa mji wowote wenye makanisa na misikiti. Lakini dua iliyoombwa hapa na watu wengi zaidi, kwa miaka mingi zaidi, ni dua ya ardhi. Na mashamba yenye sura ya hilo nililolitaja yametapakaa kutoka Rumonge mpaka Nyanza-Lac.

Mwaka wa sabini na mbili

Habari yenyewe yaanza tarehe 29 Aprili 1972, waasi wa Kihutu walipozuka katika Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakawaua Watutsi bila ya kuchagua mzee wala mtoto. Serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa kisasi ambacho hakikuishia kwa waasi, bali kilienea nchi nzima kwa muda wa miezi, kikawafagia Wahutu, hasa waliokuwa wamesoma: walimu, makarani, wanafunzi, watu wa dini. Wanaokadiria idadi ya waliouawa hutaja laki moja, wengine laki mbili, wengine hufika laki tatu.

Kwa mtu wa pwani ya Rumonge, njia ya kukimbilia iliyokuwa karibu ilikuwa maji. Watu walipanda mitumbwi usiku, wakafuata ukingo wa ziwa mpaka Kigoma, au wakavuka kwenda upande wa Zaire ya siku zile. Tanzania iliwapokea, kisha ikawapeleka mbali na mpaka, katika misitu ya miombo: Ulyankulu katika Tabora, Katumba na baadaye Mishamo katika wilaya ya Mpanda. Huko walipewa majembe na viwanja, wakaambiwa walime.

Huku nyuma ardhi haikulala. Serikali iliwagawia watu wengine mashamba yaliyobaki hayana wenyewe, baadhi yao kwa hati na baadhi kwa neno la mkubwa tu, na wakubwa wenyewe hawakujisahau katika mgao huo. Baadaye mashamba mengi yakaunganishwa katika mradi wa michikichi uliosimamiwa na shirika la serikali, SRD Rumonge, hata mipaka ya kale ikafutika kwa trekta na miche ikapangwa kwa mistari.

Mchikichi wenyewe ni mti unaostahili kuangaliwa na kila atakaye kuufahamu ugomvi huu. Hukaa miaka mitatu au minne bila ya kumpa mwenyewe chochote, kisha ukianza kuzaa huendelea kwa miaka ishirini na ushei, mpaka uwe mrefu kiasi cha kumlazimu mkataji kupanda kwa mkanda kiunoni. Mkungu ukikatwa huachwa siku chache ili chikichi zilegee, zikapukutwa, zikachemshwa katika pipa, zikatiwa katika mashine ya mkono ambayo vijana wawili huisukuma kwa kuizunguka. Mawese yakachuruzika mekundu, makapi yakaenda kuwa kuni, na kokwa zikabaki kwa wanawake wa kuzibanja.

Ndiyo maana shauri la shamba la michikichi haliwi shauri la udongo peke yake. Aliyeupanda mti aliungoja. Wahenga wamesema mvumilivu hula mbivu, lakini katika Rumonge alivumilia mmoja akala mwingine, na huyo mwingine naye alikuwa amevumilia.

Waliongoja na walioacha kungoja

Kati ya miaka ya 1985 na 1986 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa na wakimbizi hao Mishamo na mjini Kigoma, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1995 alieleza jambo ambalo kila mhubiri wa subira angefaa kulitafakari. Mishamo, aliwakuta watu wanasimuliana mara kwa mara habari ya kutoka kwao kama habari ya taifa lililopelekwa uhamishoni kujaribiwa, na ambalo siku yake ya kurejea imekwisha kuandikwa. Wengine walikuwa na shaka hata na utajiri, kwa kuchelea kuwa anayestawi ugenini huisahau njia ya kwao.

Mjini Kigoma, watu waliokimbia balaa lile lile walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa na wenyeji, wamejichanganya na Waswahili wa mji, na ukiwaita wakimbizi walikugeuzia maneno.

Mtu mwepesi wa hukumu atasema kwamba wa Mishamo ndio waliomtumaini Mungu, na wa Kigoma ndio waliokata tamaa. Mimi sioni hivyo. Nabii Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani na kuwaoza watoto wao, na katika waraka huo huo akawaahidi kwamba watarudi ikiisha miaka sabini. Maana yake kujenga hakukuwa kinyume cha kungoja. Wa Kigoma walitii nusu ya kwanza ya waraka, wa Mishamo wakaishika nusu ya pili, na sijui ni nani awezaye kuapa kuwa nusu moja ni imani na ya pili siyo.

> Wa Kigoma walitii nusu ya kwanza ya waraka, wa Mishamo wakaishika nusu ya pili.

Siku ya kuchagua ilikuja baada ya miaka thelathini na mitano. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi walikubaliana kuufunga ukurasa wa makazi yale ya zamani, watu wakaulizwa mmoja mmoja wanataka kurudi au wanataka uraia. Kati ya watu wapatao 218,000, wanne katika kila watano walichagua uraia wa Tanzania. Waliochagua kurudi walisafirishwa katika mwaka 2008 na 2009.

Hata waliobaki hawakuepukana na kungoja: maombi yapatayo 162,000 yalikubaliwa mwaka 2010, ilhali hati zenyewe zilianza kugawiwa mwaka 2014, na kwa miaka ile minne walikuwa si Warundi tena, wala hawajawa Watanzania mkononi.

Miaka thelathini ya sheria

Waliorudi walikuta sheria imewatangulia. Sheria ya ardhi ya Burundi ya mwaka 1986 ilisema kwamba mtu aliyekaa katika ardhi kwa miaka thelathini bila ya kupingwa huwa mwenyewe, na kama aliingia kwa nia njema, bila ya kujua kuwa ina mwenyewe, miaka kumi na mitano yatosha. Piga hesabu: aliyekimbia mwaka 1972, miaka yake thelathini ilitimia mwaka 2002, nchi ingali vitani, na yeye angali kambini asikoweza kumpinga mtu.

Mkataba wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, ulikwisha kusema kinyume: kila mkimbizi arudishiwe mali yake, hasa ardhi, na kama haiwezekani alipwe fidia ya haki. Sheria ilimpa haki mkaaji, mkataba ukampa haki mrejeaji, na shamba lilikuwa moja.

Ili kupatanisha yasiyopatana, iliundwa mwaka 2006 tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, maarufu kwa herufi zake za Kifaransa, CNTB. Katika nchi ambayo watu wake walio wengi ni Wakristo, si ajabu kwamba tume hiyo iliongozwa na padri, Astère Kana, na kuanzia mwaka 2011 ikaongozwa na padri mwingine, Sérapion Bambonanire. Walikuwa wa kanisa moja na wa kitabu kimoja, wakatofautiana katika hukumu.

Wakati wa Kana tume ilipendelea suluhu, nayo suluhu aghalabu ilikuwa kugawana: kamba ikavutwa, minyaa ikapandwa, kila mmoja akapata kipande kisichomtosha. Wakati wa Bambonanire tume ikashika kwamba haki haigawanyiki, mali irudi kwa mwenyewe yote, na mashauri mengine yaliyokwisha kupatanishwa yakafunguliwa upya. Waliokuwa wakilia wakanyamaza, na waliokuwa wamenyamaza wakaanza kulia.

Kila mmoja na hoja yake

Hoja ya aliyerudi ni fupi, na nguvu yake imo katika ufupi huo: hakuuza, hakutoa, alikimbizwa. Kaburi la babu yake limo ndani ya shamba hilo, au lilikuwamo kabla ya trekta. Kumwambia kwamba kukaa kwake uhamishoni ndiko kulikompotezea haki ni kumwadhibu mara mbili kwa kosa asilolitenda, na hapo utamsikia mtu akikumbusha habari ya Nabothi, aliyekataa kumpa mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu kwa sababu ni urithi wa baba zake.

Hoja ya mkaaji ni ndefu zaidi, kwa kuwa ana mengi ya kueleza. Wakaaji wengi hawakumfukuza mtu. Walikuja wakiwa maskini kutoka vilimani, wakaonyeshwa mahali na ofisa wa serikali, wakatia jasho lao humo. Wengine hawakupewa hata hicho, bali walinunua kwa pesa taslimu kutoka kwa aliyepewa. Watoto wao hawakijui kilima kingine cha kukiita kwao. Mkaaji huyo akitolewa bila ya fidia, anawekwa pale pale alipokuwa mwenzake mwaka 1972, ila yeye bila ya mtumbwi.

Na lipo kundi la tatu ambalo halina hoja wala mpinzani: waliorudi wakiwa yatima wa watu waliokufa ughaibuni, wasiojua shamba la baba lilikuwa kilima gani, au waliozaliwa Katumba wakaijua Burundi kwa masimulizi tu. Hao walijengewa vijiji vya amani, kama kile cha Mutambara karibu na Rumonge, wakapata nyumba bila ya shamba la kuwatosha. Watoto wao waliingia darasani wakiongea Kiswahili na Kiingereza kidogo, wakakuta mwalimu anafundisha kwa Kirundi na Kifaransa. Angalau hapa Rumonge, mji wa Kiswahili tangu enzi za misafara ya Ujiji, sokoni walieleweka.

Saa ya Mungu na saa ya ofisi

Nimesikiliza mahubiri na mawaidha kadha wa kadha juu ya subira, na sina ugomvi na asili ya mafundisho hayo. Ibrahimu aliahidiwa uzao akiwa na miaka 75, akampata Isaka akiwa na 100. Yakubu alilia mpaka macho yakapofuka kabla ya kumwona tena Yusufu.

Hata kanisa lenyewe lilingoja katika ufuko huu: Mapadri Weupe walifika Rumonge mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 watu watatu wa misheni yao, Deniaud, Augier na D'Hoop, wakauawa katika ugomvi juu ya mtoto mmoja, na misheni ya kudumu katika Burundi haikupatikana mpaka mwaka 1898, Muyaga, mbali kabisa na ziwa.

Ninachokitilia shaka ni jinsi subira hiyo inavyoazimwa. Mtu aliyelala kambini miaka thelathini na sita akimngoja Mola wake, alipofika ofisini na bahasha ya karatasi zake aliambiwa maneno yale yale aliyokuwa akijiambia katika sala, asubiri. Na kwa kuwa alikuwa amezoea kuyasikia maneno hayo kama ibada, aliinama akaondoka. Karani akawa ameketi katika kiti kisicho chake.

Kungoja kwa Mungu pwani hii inakufahamu vizuri. Wavuvi wa ndagala huvua kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukipevuka samaki hawafuati taa tena, hivyo mitumbwi huvutwa nchi kavu. Siku hizo utawakuta chini ya miembe wamekaa miguu imenyooshwa, wavu umetandazwa mapajani, kidole gumba cha mguu kimeushika uzi ukae umekazika, mkono ukipitisha sindano ya mti tundu kwa tundu. Mwingine anaziba nyufa za mtumbwi, mwingine anasugua vioo vya taa. Hakuna amlaumuye Mungu kwa mbalamwezi, maana siku zake zajulikana, na kazi ya kufanya wakati wa kuingoja ipite nayo yajulikana.

> Mbalamwezi ina siku zake. Faili la shamba halina.

Faili la shamba halina siku zake. Lililetwa na mrejeaji kwa Bashingantahe, wazee waamuzi wa kilima, likapanda kwa komini, serikali ya wenyeji, likaenda kwa tume, likaamuliwa, likapingwa, likafunguliwa upya, likapelekwa kwenye mahakama maalumu ya ardhi iliyoanzishwa mwaka 2014. Na mwaka 2022 muda wa tume ukamalizika na milango yake ikafungwa. Katika safari yote hiyo sioni mahali ambapo Mungu ndiye aliyechelewa.

Masheikh hufundisha kwamba dua ya aliyedhulumiwa haina kizuizi mbele ya Mwenyezi Mungu, na wachungaji hufundisha neno la jinsi hiyo hiyo kwa njia yao. Fundisho hili laweza kumtia mtu hofu njema kama atajua nani hapa ndiye mdhalimu. Lakini aliyerudi amedhulumiwa, na mkaaji anayetolewa bila ya fidia naye amedhulumiwa, na aliyewadhulumu wote wawili aghalabu hakai katika shamba hilo, wala hasali katika kanisa hilo. Ni mkubwa wa mwaka 1973 aliyegawa kisicho chake, na pengine yu kaburini kwa amani.

Waliorudi wakakimbia tena

Yafaa isidhaniwe kwamba kurudi kulikuwa mwisho wa habari. Machafuko ya kisiasa ya mwaka 2015 yalipozuka, watu walilikimbilia ziwa mara nyingine, na mwezi wa Mei makumi ya maelfu yalikusanyika Kagunga, kijiji cha uvuvi cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji, kipindupindu kikawaingia, na meli kongwe ya MV Liemba ikafanya kazi ya kuwavusha kwa mamia kwenda Kigoma. Miongoni mwao walikuwamo waliorejea mwaka 2008. Walikuwa wameomba, wameitikiwa, na sasa wamo njiani tena wanaomba dua ile ile kwa maneno yale yale.

Ziwa lenyewe nalo limedai sehemu yake. Maji yamepanda katika miaka hii, na katika mafuriko ya mwaka 2021 na ya mwaka 2024 nyumba za mitaa ya chini ya Rumonge zilizama. Wakaondoka wenyeji na waliorejea kwa pamoja, bila ya tume yoyote kuuliza nani alitangulia.

Waliobaki mashambani wana njia moja ndogo iliyo wazi. Ofisi za ardhi za komini hutoa hati ya umiliki kwa mtu mmoja mmoja, na kabla ya hati kuandikwa watu wa kilima hutembea kando ya mpaka, kigingi kwa kigingi, mbele ya majirani wote wanaopakana na shamba. Jirani akipinga, shauri husimama. Akikubali, hutia saini au dole gumba kuwa mpaka ni huo.

Kwa hiyo mtu wa nyumba ya bati jipya, akitaka hati ya nusu yake, itambidi amwombe mtu wa nyumba ya bati la kutu asimame naye kando ya minyaa na kuridhia kwamba upande ule si wake tena. Na mtu wa juu, siku atakapotaka hati ya nusu iliyobaki, atahitaji dole gumba la yule aliyelisikia shamba zima likiitwa la baba yake. Nilipoondoka, wa chini alikuwa amekwisha kuuliza ada ya hati ni kiasi gani. Alikuwa bado hajapanda juu kumwuliza jirani yake.